Ramani ya setilaiti imetupunguzia msitu wa kijiji. Tuiamini kwenye mpango mpya?

Katibu_Maliasili_Kilolo

Kamwene ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini, na wengine wote habari za kazi.

Mimi ni katibu wa Kamati ya Maliasili katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kilolo. Tuna msitu wa hifadhi wa kijiji. Chini ni miombo, juu kabisa ni msitu mbichi unaotunza chemchemi zetu, na katikati kuna majani marefu na miamba. Mpango wa usimamizi wa miaka mitano umekwisha muda, kwa hiyo mwaka huu lazima tuandike mwingine, upite mkutano mkuu wa kijiji, kisha uende halmashauri.

Kijana wetu aliyemaliza chuo amejitolea kutuchorea ramani kwa programu ya kompyuta ya QGIS kutoka picha za setilaiti ya Sentinel-2. Kafanya kazi kwa moyo, na sisi tunamshukuru. Ila tulipoibandika ofisi ya kijiji, wazee waliguna. Hekta za msitu zimepungua karibu robo ukilinganisha na mpango wa zamani. Bondeni kwenye vinyungu vyetu (bustani za bondeni za kiangazi) imepakwa kijani cha msitu. Halafu alipoongeza takwimu za upotevu wa miti kutoka mtandaoni, likatokea doa jekundu juu ya shamba la misindano la jirani yetu, mtu aliyevuna miti yake mwenyewe aliyoipanda.

Kinachoninyima usingizi ni mpaka. Bikoni (alama za mpaka) tulizoziingiza kutoka kwenye karatasi ya mpango wa kwanza zimeangukia pengine kabisa, baadhi ndani ya mahindi ya kijiji jirani. Habari zimeshawafikia. Wanasema tumewavamia kwa kompyuta. Tumeishi nao vizuri, tunaoleana, sitaki karatasi ituvunjie undugu.

Juu ya hayo, baadhi ya wajumbe wanasema maadamu picha ipo, tuache kuzunguka mpaka na kupima miti, tuokoe hela ya posho. Naomba wenye uzoefu mnisaidie: ramani hii ina kosa gani, na je, kweli picha inatosha?

Mchoraramani_Mafinga

Kamwene dada katibu. Umeuliza vizuri na umetoa dalili za kutosha, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu. Nachora ramani za misitu huku Mufindi na Kilolo, ya serikali, ya vijiji na ya watu binafsi, na mambo uliyoyataja nakutana nayo karibu kila kijiji.

Naanza na mpaka, kwa sababu huo ndio unaoweza kuleta ugomvi wiki hii.

Mwambie kijana apime bikoni zimesogea kiasi gani na kuelekea wapi. Kama zote zimesogea upande mmoja kwa umbali uleule, kama mita 300 kuelekea kaskazini na kidogo magharibi, basi hakuna aliyevamia mtu. Ramani za zamani za nchi yetu, zile karatasi za 1:50,000, zimejengwa juu ya datamu inayoitwa Arc 1960. Datamu ni msingi ambao namba za mahali huhesabiwa kutoka kwake. Picha za setilaiti na GPS za simu zinatumia datamu nyingine, WGS84. Ukichukua namba za Arc 1960 ukaziingiza kwenye kompyuta ukaiambia ni za WGS84, mpaka mzima unahama. Dawa yake ni ya dakika chache: kwenye QGIS aipe safu ile ya bikoni msimbo wake halisi, EPSG:21036 (wa Arc 1960), halafu aibadilishe kwenda EPSG:32736 (wa WGS84). Akimaliza, aende na simu kwenye bikoni mbili au tatu ambazo wazee wa vijiji vyote viwili wanazikubali, aone kama zinakaa.

Lakini kama nyingi ziko sawa na moja au mbili tu ndizo zimehama, hapo datamu haihusiki. Ama namba iliandikwa vibaya kwenye karatasi, ama bikoni yenyewe ilihamishwa, ama kuna mgogoro wa kweli. Hilo linazungumzwa na watu, kwa kufuata cheti cha ardhi ya kijiji na kumbukumbu za mpaka mlizosaini na jirani zenu. Ramani ya msitu haina mamlaka ya kubadilisha mpaka wa kijiji, hata ikiwa imechorwa na nani.

Kilolo ina jambo lake lingine. Mstari wa nyuzi 36 mashariki unapita ndani ya wilaya yenu, na huo ndio unaotenganisha kanda ya 36 na ya 37 za UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia kwa kanda na kuhesabu mahali kwa mita. Iringa mjini, Mafinga, Njombe na Mbeya wote wako kanda ya 36, ndiyo maana mafundi wa huku wamezoea kuandika 36 bila kufikiri. Ninyi mkiwa karibu na mstari huo, bikoni ileile inaweza kusoma mashariki takriban 830,000 kwenye kanda ya 36, na takriban 170,000 kwenye kanda ya 37. Angalieni karatasi yenu. Mkikuta baadhi ya namba zinaanza na 8 na nyingine na 1, mjue timu ya kwanza ilichanganya kanda, na kila kundi lisomwe kwa kanda yake. Zikiwa upande wa 37, msimbo wa Arc 1960 ni 21037 na wa WGS84 ni 32737.

Sasa hekta. Kuhama kwa mpaka hakuwezi kuwapunguzia robo ya msitu. Meza ukiisukuma ukutani haipungui ukubwa. Hapa mmelinganisha vitu viwili tofauti. Mpango wa zamani uliandika eneo la hifadhi, yaani kila kilicho ndani ya mpaka: miti, majani, miamba, njia. Kijana ameandika eneo ambalo picha inaonyesha lina miti. Zote mbili ni hekta halali na zote mnazihitaji. Ya kwanza ni ya kisheria, ndiyo inayotangazwa chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 na ndiyo mtakayoitetea mbele ya mtu yeyote. Ya pili ni hali ya msitu kwa mwaka husika, ndiyo ya kupangia mavuno, mizinga, na sehemu za kupumzisha. Ziandikeni kwenye mistari miwili tofauti katika mpango, na tarehe ya picha kando ya ile ya pili. Nimeona kijiji kikinyimwa kibali cha kuvuna kwa sababu namba hizi mbili zilichanganywa kwenye jedwali moja, na watu walisubiri msimu mzima bure. Iliniuma sana.

Muulize pia picha yake ni ya mwezi gani. Nabashiri ni Septemba.

Katibu_Maliasili_Kilolo

Kaka, Mungu akubariki. Nimempigia simu kijana. Picha ni ya katikati ya Septemba, anasema aliichagua kwa sababu haikuwa na wingu hata moja. Na bikoni zote zimesogea kaskazini, anakadiria mita mia tatu na kitu. Namba zote zinaanza na 8. Nimepumua. Kesho natuma ujumbe kwa mwenyekiti wa kijiji jirani kabla maneno hayajakua.

Vipi sasa hivyo vinyungu? Na Septemba ina ubaya gani?

Mchoraramani_Mafinga

Vizuri sana. Nenda mwenyewe kwa mwenyekiti huyo kama unaweza, ujumbe wa simu hautoshi kwa jambo la mpaka.

Septemba ina anga safi, lakini ndio mwezi unaodanganya kuliko yote kwa msitu wa aina yenu. Kompyuta haijui mti. Inachojua ni kwamba jani hai linameza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infra-nyekundu ambao macho yetu hayauoni. Kipimo cha NDVI kinachukua tofauti ya hizo mbili na kuigawa kwa jumla yake, kikitoa namba kati ya -1 na 1. Namba kubwa, majani mengi mabichi. Basi.

Fikiria Kilolo mwezi huo. Miombo imepukutisha majani, mingine imeunguzwa chini na moto, kwa hiyo namba zake zimeshuka, na kompyuta inauhesabu kama pori tupu. Bondeni, vinyungu vyenu viko kwenye ubora wake: mahindi mabichi, maharage, mboga, vyote vinameta. Kwa kompyuta, kijani cha bondeni mwezi wa tisa ni msitu wa kando ya mto. Ndiyo maana mmepoteza miombo mkapewa msitu wa mboga.

Ukichukua picha moja ya Machi nayo itakudanganya kwa namna nyingine, maana mahindi ya mlimani yatakuwa yamesimama na kila kitu ni kijani, na mawingu yako kila mahali. Anachotakiwa kijana ni kupanga picha kadhaa za mwaka mmoja juu ya kila mahali: moja mvua zinapoisha, Mei au Juni, moja ya Septemba, na moja ya Oktoba mwishoni au Novemba kama akipata upenyo wa mawingu. Msitu wa juu kwenye chemchemi hautabadilika mwaka mzima. Miombo itashuka Agosti na Septemba, kisha itapanda tena kabla hata mvua haijanyesha, kwa sababu inatoa majani mapya mapema, yale mekundu mekundu mnayoyajua. Mashamba ya mlimani yatapanda na mvua na kushuka na mavuno. Vinyungu vitakwenda kinyume cha mlima: mlima ukikauka vyenyewe vinastawi. Huo mwendo wa mwaka ndio unaotofautisha, na Sentinel-2 hupita mara nyingi kiasi cha kuufuatilia, kila siku tano hivi pale setilaiti zake mbili zinapofanya kazi pamoja. Picha zake ni bure.

Kuhusu doa jekundu kwa jirani: takwimu zile za dunia nzima, zinazoonekana kwenye Global Forest Watch, zinatokana na picha za setilaiti za Landsat, ambazo kila nukta yake ni mita 30, na zinahesabu kila mahali ambapo mimea yenye urefu wa zaidi ya mita 5 imeondoka. Haziulizi kama ni msitu wa asili uliofyekwa au misindano iliyokomaa na kuvunwa ili ipandwe upya. Ukizisoma kwa Mufindi bila kufahamu hili, utadhani wilaya nzima imeangamia. Shamba la jirani lichoreni peke yake, liandikwe ni shamba la kupandwa, na mmiliki mwenyewe ashirikishwe kulionyesha. Ana haki hiyo.

MwanaTukuyu

Ndaga fijo kaka kwa maelezo. Naongeza la huku kwetu Rungwe, kwa faida ya wengine watakaosoma.

Hiyo ya kuchagua miezi inawezekana Kilolo. Huku Tukuyu mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na Mlima Rungwe unaweza kukaa na kofia ya wingu wiki baada ya wiki. Sisi tunategemea rada ya Sentinel-1, ambayo inatuma mawimbi yake yenyewe na kupenya mawingu, usiku na mchana. Usomaji wake ni mgumu zaidi, miteremko mikali inaleta vivuli na sehemu zinazong'aa bila sababu ya msitu, lakini ukilinganisha mwezi na mwezi mahali palepale utaona palipofyekwa.

Tatizo letu kubwa ni migomba. Migomba, kahawa na miti ya kivuli vikiwa pamoja, kutoka angani ni msitu kabisa. Hakuna picha ya bure iliyonisaidia kuvitenganisha kwa uhakika, imebidi kutembea.

Na jambo moja nasisitiza kwa wajumbe wanaotaka kuacha doria. Pikseli ya Sentinel-2, yaani nukta moja ya picha, ni mita 10 kwa 10. Mpasuaji mbao anayeangusha mti mmoja mkubwa ndani ya msitu mnene, matawi ya jirani yanaziba pengo, na kwenye ramani mahali hapo panabaki kijani mwaka baada ya mwaka. Msitu wetu ndio makazi ya kipunji, nyani aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka 2005 tu ingawa wawindaji wa huku walimfahamu. Anaishi juu ya miti mikubwa. Ikiondolewa mmoja mmoja, ramani haitasema kitu, na yeye atakuwa ameshapoteza njia zake.

Mama_Milingoti_Njombe

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo.

Mimi sina elimu ya ramani, nina milingoti na misindano, na moto ndio adui yangu. Tumefundishwa na afisa misitu kutumia FIRMS ya NASA, unafungua kwenye simu, unaona vidoti vya joto. Kwa kupanga ni nzuri sana. Kikundi chetu tulikusanya vidoti vya miaka iliyopita tukavipachika kwenye ramani ya mashamba, tukaona moto unaingia kila mara kutokea upande uleule, kwenye majani ya malisho. Tumehamishia huko nguvu ya kulima barabara za kuzuia moto. Zamani tuligawana kazi sawasawa kila upande, na upande wenye hatari ulikuwa haupewi uzito.

Ila kwa kuzima moto msiitegemee. Chombo kinachoona vidoti vya mita 375 kinapita juu yetu kama saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku, na taarifa inafika kama saa tatu baadaye. Moto ulioanza saa kumi jioni ukaisha kabla ya usiku wa manane, hautauona. Tunaweka vijana wa zamu mlimani kuanzia Agosti mpaka mvua, na hao ndio waliookoa shamba langu mwaka jana.

Katibu_Maliasili_Kilolo

Mama nashukuru sana, moto kwetu pia unatokea upande wa malisho, nitampa kijana kazi hiyo.

Kaka wa Mafinga, bado wajumbe wangu na posho. Nikiwaambia picha haitoshi wataniuliza, sasa ya nini? Na kupima miti kote hatuwezi, hela haipo.

Mchoraramani_Mafinga

Waambie picha ndiyo itakayofanya hela hiyo ndogo itoshe.

Bila picha, mngelazimika kutawanya viwanja vya sampuli msitu mzima, na vingi vingeangukia kwenye majani na miamba. Mkiwa na ramani iliyorekebishwa kwa misimu, mnaugawa msitu kwenye matabaka: msitu mbichi wa juu, miombo iliyosongamana, miombo iliyochakaa, majani. Tabaka la majani halihitaji kupimwa miti kwa sasa. Msitu wa chemchemi hamtauvuna, kwa hiyo viwanja vichache vya kujua afya yake vinatosha. Nguvu kubwa iende kwenye miombo ambako mnataka kuvuna, na kompyuta ipange mahali pa viwanja kwa bahati nasibu ndani ya kila tabaka, ili mtu asichague penye miti mizuri au penye njia rahisi.

Hata sensa kubwa ya misitu ya nchi, NAFORMA, ilifanywa hivyo. Waligawa nchi kwa picha, kisha watu wakaingia porini. Kiwanja chao kilikuwa duara: ndani ya mita 15 unapima miti yenye unene wa sentimita 20 na kuendelea, ndani ya mita 10 ile ya kuanzia sentimita 10, na unazidi kushuka hadi miche karibu na katikati. Unene unachukuliwa mita 1.3 kutoka chini. Mnaweza kutumia utaratibu huohuo kwa kamba na utepe.

Kuna jambo moja la milimani ambalo linawapunja wanakijiji. Ramani inapima ardhi kama imelala tambarare. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, mita 15 za kamba iliyolala juu ya ardhi ni mita 13 tu za ramani. Msiporekebisha, kiwanja chenu kinakuwa kidogo kuliko mnavyodhani, mnahesabu miti pungufu, na mpango unasema msitu wenu ni maskini kuliko ulivyo. Kamba ishikwe usawa, mtu wa chini ainue mkono, au mtumie jedwali la masahihisho ambalo afisa misitu wa wilaya anaweza kuwapa.

Kuna vitu havitoki angani kabisa. Picha haitawaambia huu ni mninga na ule ni mtundu. Haijui mikusu ipi wanawake wanaokota matunda, wala kisima gani kinatambikiwa. Na haijui tanuri la mkaa lililofichwa chini ya matawi. Hayo yanaingia kwenye ramani kwa watu kutembea, na kutembea huko kuunganishwe na viwanja ili posho iwe moja. Kijana aweke QField, programu ya ramani ya porini, kwenye simu, apakie picha na mipaka kabla ya kuondoka mtandaoni, maana bando porini halitawafaa. Chini ya matawi mazito GPS ya simu inayumba, kwa hiyo mwambie asimame palepale kwa muda kabla ya kurekodi.

Akimaliza, abakize baadhi ya pointi za porini pembeni, asizitumie kuifundisha kompyuta. Azitumie kuihoji: mahali hapa ramani inasema miombo, nilipofika nilikuta nini? Jibu liandikwe kwenye mpango hata kama si zuri. Mpango unaosema wazi ramani inakosea wapi, halmashauri wanaujadili kwa heshima zaidi.

Na mito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka kingo. Kuchora ukanda huo kwenye QGIS ni kazi ya muda mfupi, ila mito iliyotolewa na kompyuta kutoka kwenye data za mwinuko wa ardhi za SRTM, zilizopimwa kutoka angani mwaka 2000 kwa nukta za mita 30, inaweza kupita kando ya mto halisi. Tembeeni mto kwanza, ndipo mchore mita 60. Hapo mtakutana na vinyungu, najua, na hilo mtalizungumza mkutanoni kwa utulivu, familia kwa familia, maana kuna watu wanaokula kutokana na bonde hilo tangu enzi za babu zao. Msiiachie kompyuta iwaamulie.

Mkutano mkuu uitwe baada ya mavuno watu wakiwa na nafasi. Chapisheni ramani kwenye karatasi kubwa ya A1, si A4, na majina ya vilima na vijito yawe yale mnayoyaita ninyi, ili bibi aliyekaa nyuma aweze kuinuka na kusema pale mmekosea.